Mwenye Mpira

Kabla hajawa na timu alikuwa na mpira.
Ngozi vipande kumi na nane, kibofu ndani,
kamba mdomoni kama kiatu.
Aliununua dukani kwa Mgoa
kwa mshahara wa miezi miwili wa mizani ya mkonge, kule Kange.
Na sheria ya uwanjani mnaijua tangu utotoni:
mwenye mpira hakai benchi,
mwenye mpira hapangiwi namba,
mwenye mpira akinuna, mechi imekwisha.

Hivyo ndivyo Mhina Semboja alivyopata timu.

Akaiita Nyota ya Kumi na Nne, kwa jina la barabara yake pale Ngamiani.
Jezi zilikuwa amerikani iliyochovywa rangi ya buluu;
ikinyesha masika kipindi cha pili
wachezaji walirudi kwa wake zao na vifua vya samawati.
Yeye ndiye kocha, ndiye mweka hazina, ndiye nahodha,
ndiye beki wa kati mpaka umri wa miaka arobaini na minne,
akijipanga mwenyewe kila Jumamosi,
na hakuna aliyethubutu kumwambia
kwamba mawinga wa Muheza wanampita
kama garimoshi linavyoipita stesheni ya Pongwe usiku.

Baba yangu alikuwa fundi viatu.
Ukipasuka Jumapili, Jumatatu uko magotini pake
kati ya ndara na makubazi,
kila mara uzi mpya,
mpaka mwishowe ukawa mshono mtupu unaozunguka upepo.
"Andika," Mhina alisema. Baba hakujua kuandika.
Basi mdaiwa akajiandika mwenyewe, katika daftari lake mwenyewe.

Nimelisoma.
*Malimau, senti ishirini.*
*Nauli ya treni hadi Muheza, watu kumi na wawili: kwenda tu.*
*Mganga, shilingi mbili. Tumefungwa nne. Asilipwe tena.*
*Baiskeli imeuzwa.*
*Cherehani ya mke wangu imeuzwa. Hajui.*
Chini yake, kwa wino mwingine: *Amejua.*

Miaka thelathini na mmoja.
Vijana aliowatoa mashambani, miiba ya mkonge ingali viganjani,
akawafundisha kutuliza mpira kifuani,
kuinua kichwa kabla ya kupiga,
wakachukuliwa na timu zenye viatu.
Walikuja kumuaga usiku, kwa haya.
Akawafungia mikate ya njiani.
Asubuhi akawatukana mbele ya watu.

Kisha ukaja wakati wa kamati, katiba na muhuri.
Timu si mali ya mtu, walisema, na ni kweli.
Mkutano ulikuwa darasani,
wanaume wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto.
Wanaotaka Mhina aondoke wanyooshe mikono.
Hawakuweza kuhesabu bila kugombana,
wakamwomba yeye, karani wa mizani.
Akahesabu. Akarudia, maana mzigo hupimwa mara mbili.
Ishirini na sita kwa kumi na tisa.
Akaandika, akatia sahihi, akaomba mpira wake.

Mpira gani? Klabu ilikuwa na mitatu, ya dukani, inang'aa.
Alitaka ule wa mshono.
Ulikuwa nyuma ya kabati, umesinyaa kama komamanga la mwaka jana.
Akautia kwapani, akatoka.

Tangu hapo alilipa kiingilio kama sisi,
akasimama nyuma ya goli.
Hakusema neno.
Ila kila krosi ilipopigwa mguu wake wa kulia ulishtuka.

Alikuja kwetu baba akiwa na miaka sita kaburini.
Akatoa mfukoni senti kumi kumi, zile zenye tundu,
zimetungwa uzini,
thelathini, bado tatu zitimie tasbihi.
"Za mshono wa mwisho," alisema. "Shilingi tatu."
Fedha hiyo ilikufa kabla ya baba.

Nilizihesabu mbele yake. Nikarudia.
Nikamwandikia stakabadhi.